Chujio la Chungu na Arseniki katika Maji ya Kisima: Somo kwa Wakazi wa Kidete na Wahudumu wa Afya

Utangulizi

Kidete ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na ni kituo cha Reli ya Kati katika njia ipandayo kutoka Kilosa kuelekea Gulwe na Dodoma. Reli hiyo hufuata bonde la mto Mkondoa, mto ambao wenyeji wanaujua kwa manufaa yake na pia kwa hasira zake. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwatoa maelfu ya wakazi wa Kilosa majumbani mwao na kuikata reli. Mafuriko ya namna hiyo yanapopita, uchafu wa vyooni huingia katika visima vifupi, maji huwa na tope, na magonjwa ya kuhara hufuata nyuma yake. Katika hali kama hiyo chujio la chungu ni chombo chenye heshima, kwa kuwa huyafanya maji ya tope yawe meupe na hupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa, bila kuni wala umeme.

Heshima hiyo ndiyo inayozaa swali la somo hili. Mwenye kaya anapoona maji yakitoka kwenye koki ya ndoo yake yakiwa meupe na baridi, huyahesabu kuwa yametakasika kwa kila dhara. Je, hesabu hiyo ni sahihi kwa arseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hupatikana katika maji ya visima vya sehemu mbalimbali za dunia, Tanzania ikiwemo? Jibu kwa ufupi ni kwamba chungu kitupu hakiiondoi. Hata hivyo chungu kinaweza kuwa msaada mkubwa dhidi yake kwa njia mbili: kikiunganishwa na chuma, au kikitumika kusafisha maji ya chanzo kingine kisicho na sumu hiyo.

Kutajwa kwa Kidete katika somo hili hakuna maana kwamba visima vyake vimekutwa na arseniki. Kisima hujulikana kwa kipimo, wala hakijulikani kwa jina la kijiji. Baada ya kusoma, msomaji anatarajiwa aweze kueleza kazi na mipaka ya chujio la chungu, kutambua dalili zinazopasa kumtia mhudumu wa afya shaka, na kushauri hatua za kuchukua pindi kipimo cha kisima kinapozidi kikomo.

Arseniki na njia yake ya kuingia kisimani

Arseniki ni elementi ya asili iliyomo katika miamba na udongo. Mara nyingi haiingii kisimani kwa mkono wa mtu. Huyeyuka yenyewe kutoka katika mwamba au mashapo ambamo maji ya ardhini yamekaa kwa muda mrefu. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza hutokea katika mashapo ya mabonde ya mito yenye mabaki ya mimea yaliyofukiwa. Hewa ikiisha chini ya ardhi, kutu ya chuma iliyokuwa imeishikilia arseniki huyeyuka, na arseniki huachiliwa ndani ya maji. Ya pili hutokea katika miamba yenye dhahabu, kwa kuwa dhahabu aghalabu huandamana na madini ya salfa yenye arseniki. Mwamba ukivunjwa na kukutana na hewa na mvua, sumu hiyo hutoka.

Kwa Tanzania, njia ya pili ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wamekuta baadhi ya vyanzo vya maji katika maeneo ya dhahabu ya Bonde la Ziwa Victoria, hususan Geita na Mara, vikiwa na arseniki inayozidi kikomo cha usalama. Njia ya kwanza ndiyo iliyoleta maafa ya Bangladesh. Tangu miaka ya 1970, wananchi wa nchi hiyo walihimizwa kuacha maji ya mabwawa na mito yenye vijidudu, wakachimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni. Nia ilikuwa njema na kuhara kulipungua. Lakini maji ya visima vingi hayakuwa yamepimwa arseniki, na katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba mamilioni ya watu walikuwa wakinywa sumu. Funzo la Bangladesh linahusu kila kijiji kinachochimba kisima kipya: maji yanaweza kuwa salama kwa vijidudu na yasiwe salama kwa kemikali.

Kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za arseniki katika lita moja ya maji, na kiwango cha maji ya kunywa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinafuata kikomo hicho. Ili kuona udogo wake, gramu moja tu ya arseniki inatosha kuyafikisha kwenye kikomo maji lita 100,000, yaani ndoo 5,000 za lita 20. Kiasi kidogo namna hiyo hakionekani kwa jicho, hakiwashi ulimi, wala hakibadili ladha ya chai.

Inavyoudhuru mwili

Sumu hii katika kiasi cha kisimani haiui kwa siku moja. Huingia kwa maji ya kunywa na ya kupikia, husafiri katika damu, na sehemu kubwa hutolewa kwa mkojo katika muda wa siku chache. Lakini anywaye kila siku hujaza upya kila siku. Mtu mzima anayekunywa lita 2 za maji yenye mikrogramu 50 kwa lita huingiza mwilini mikrogramu 100 kwa siku, ilhali maji yaliyo kwenye kikomo yangempa mikrogramu 20. Tofauti hiyo, ikiendelea kwa miaka, ndiyo inayozaa ugonjwa.

Ngozi ndiyo hutoa habari mapema, ingawa kwa kawaida baada ya miaka mitano au zaidi. Kifuani, mgongoni na tumboni hutokea madoa meusi yaliyochanganyika na meupe, mithili ya matone ya mvua yaliyoanguka juu ya vumbi. Viganja na nyayo huwa ngumu na kuota vinundu vidogo vinavyokwaruza mithili ya punje za mchanga. Baadaye huweza kufuata saratani ya ngozi, ya kibofu cha mkojo na ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka arseniki katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo uwezo wake wa kusababisha saratani kwa binadamu umethibitishwa. Moyo na mishipa ya damu nayo hudhurika, mishipa ya fahamu ya miguu na mikono huweza kufa ganzi, na kwa wajawazito sumu hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto.

Kuchelewa kwa madhara hayo kunaonekana wazi katika mji wa Antofagasta, nchini Chile. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1970 wakazi walikunywa maji yenye arseniki ya wastani wa mikrogramu zipatazo 860 kwa lita. Mwaka 1970 mtambo wa kuiondoa ulianza kazi na kiwango kikashuka sana. Hata hivyo vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baadaye. Anayesubiri ngozi imwonyeshe ishara ndipo apime kisima amechelewa kwa miaka mingi, na watoto wake wamechelewa pamoja naye.

Mgonjwa anapofika zahanati

Madoa ya ngozi yana visababishi vingi, na mhudumu wa afya hatakiwi kuona arseniki katika kila doa. Ukoma huleta mabaka yaliyopoteza hisia ya kuguswa, na mishipa ya fahamu huweza kuvimba. Fangasi wa ngozi huleta mabaka yenye magamba mepesi ambayo huitikia dawa. Vipodozi vya kuchubua ngozi huacha weusi usoni na kwenye vifundo vya vidole. Arseniki hushukiwa zaidi pale madoa ya kiwiliwili yanapoambatana na ugumu wa viganja na nyayo za pande zote mbili, na hasa pale watu wa kaya moja, au wa kaya zinazochota kisima kimoja, wanapokuwa na dalili zinazofanana.

Kwa hiyo maswali ya maji yanapaswa kuingia katika mahojiano na mgonjwa: anachota wapi, kwa miaka mingapi, nani mwingine anachota hapo, na kama kuna uchimbaji wa dhahabu karibu. Kipimo cha mkojo huonyesha sumu iliyoingia katika siku chache zilizopita. Mgonjwa huelekezwa asile samaki wa baharini, kamba wala chaza kwa siku tatu au nne kabla yake, kwa kuwa vyakula hivyo vina aina nyingine ya arseniki isiyo na madhara makubwa ambayo hupotosha jibu. Nywele na kucha huweza kuonyesha habari ya miezi iliyopita. Damu haifai sana kwa sumu ya muda mrefu, maana arseniki huondoka humo upesi.

Tiba ya kwanza, na ya lazima, ni kuacha maji yenye sumu. Hakuna dawa iliyothibitika kuifuta arseniki ya miaka mingi. Mafuta ya kulainisha huwasaidia wenye viganja vigumu, vinundu vinavyobadilika au vidonda visivyopona hupelekwa hospitali kuchunguzwa saratani, na mvutaji wa sigara hushauriwa kuacha kwa msisitizo, kwa sababu moshi na arseniki huungana katika kuyadhuru mapafu. Jamii nayo ielezwe kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Mgonjwa hatengwi katika ndoa, katika kula wala katika kuketi na wenzake.

Mama anayenyonyesha ana haki ya kupata neno la faraja lenye ukweli: arseniki hupita kidogo sana katika maziwa ya mama. Kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji, humkinga na kisima chenye sumu kama kunavyomkinga na kuhara.

Chungu kinavyochuja

Chujio la chungu lilibuniwa katika sura yake ya sasa mwaka 1981 huko Guatemala na mkemia Fernando Mazariegos. Baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, wafinyanzi wa shirika la Potters for Peace walilieneza kutoka Nicaragua hadi mabara mengine. Afrika Mashariki nayo ina watengenezaji wake, Tanzania, Kenya na Uganda.

Utengenezaji wake hauko mbali na ujuzi wa mfinyanzi wa kijijini. Udongo wa mfinyanzi uliotwangwa huchanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga zilizochekechwa, ambazo hazikosekani Kilosa. Mchanganyiko hukandwa, hushindiliwa katika kalibu ili upate umbo la chungu, hukaushwa, kisha huchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi. Pumba huungua na kuacha vitundu vidogo mno. Baada ya hapo chungu hupakwa chembechembe za madini ya fedha, ambayo huua au kudhoofisha bakteria. Chungu hukaa ndani ya ndoo yenye kifuniko na koki. Kikiwa kizima hupitisha lita moja hadi tatu kwa saa, kiasi kinachoweza kuitosheleza kaya ya watu sita kwa maji ya kunywa endapo kitajazwa mara kwa mara mchana kutwa.

Kazi yake ni ya mlango mwembamba. Vitundu vingi vina upana unaokaribia mikromita moja, nazo njia za ndani zimejipinda. Tope, mayai ya minyoo, amiba na bakteria wengi, wakiwemo wa kipindupindu na homa ya matumbo, hunaswa humo. Virusi, ambavyo ni vidogo zaidi, hunaswa kwa sehemu tu. Kwa hiyo kwenye mlipuko wa ugonjwa ni busara kuyaongezea maji yaliyochujwa dawa ya klorini.

Kwa nini arseniki hupita

Arseniki iliyoyeyuka si chembe ya tope. Ni ioni, na upana wake haufiki hata nanomita moja. Kitundu cha mikromita moja ni kipana kuliko ioni hiyo kwa zaidi ya mara elfu moja. Ni kama kumzuia sisimizi kwa lango la zizi la ng'ombe. Kupunguza zaidi vitundu vya udongo hakusaidii, kwa sababu maji yenyewe yangekoma kupita kabla arseniki haijakoma.

Iko sababu ya pili. Katika maji, arseniki huwa na sura mbili. Sura ya kwanza, iitwayo aseneti, hupatikana zaidi penye hewa na hubeba chaji hasi. Ya pili, iitwayo asenaiti, hupatikana zaidi katika maji ya ardhini yasiyo na hewa, nayo katika maji ya kawaida haina chaji. Udongo wa mfinyanzi kwa sehemu kubwa nao una uso wenye chaji hasi. Chaji zinazofanana husukumana, hivyo aseneti haivutwi na udongo, na asenaiti isiyo na chaji hupita bila kushikwa.

Kutokana na hayo, njia nyingine za nyumbani nazo zinahitaji kutazamwa upya. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi arseniki, bali maji yanapopungua kwa mvuke, sumu iliyobaki huwa nzito zaidi. Klorini haiondoi arseniki, ijapokuwa huigeuza asenaiti kuwa aseneti. Madini ya fedha yaliyopakwa kwenye chungu hayana kazi hapa. Floridi, inayotia meno ya watu wa Arusha rangi ya kahawia, nayo hupenya chungu kwa namna ile ile, na ndiyo maana kituo cha Ngurdoto kilielekeza juhudi zake kwenye mkaa wa mifupa. Kila uchafu una dawa yake.

Chuma hukamata, chungu huzuia

Dawa ya arseniki ni chuma, na hasa kutu yake. Uso wa oksidi ya chuma katika maji ya kawaida huelekea kuwa na chaji chanya, kwa hiyo huivuta aseneti na kufungana nayo kwa nguvu. Arseniki iliyogandamana na kutu si ioni tena inayoelea peke yake. Ni sehemu ya chembe, na chembe huweza kunaswa na chungu au mchanga. Hapo ndipo chungu kinaporudi kazini: chuma hukamata, chungu huzuia kilichokamatwa kisitoroke.

Mataifa yaliyopata msiba huu yamejifunza hivyo kwa vitendo. Huko Bangladesh ilitumika mitungi mitatu iliyopangwa mmoja juu ya mwingine: wa juu una vipande vya chuma na mchanga, wa kati una mkaa na mchanga, wa chini hupokea maji. Profesa Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh anayefundisha Marekani, aliuboresha mfumo huo kuwa chujio la SONO, na mwaka 2007 alipewa tuzo ya Grainger ya Chuo cha Taifa cha Uhandisi cha Marekani. Nchini Nepal, chujio la mchanga liitwalo Kanchan hutumia misumari ya chuma isiyopakwa zinki. Misumari hiyo hushika kutu na kutu hukamata sumu. Watafiti wengine wameuchanganya udongo wa mfinyanzi na oksidi ya chuma, au kukipaka chungu kilichochomwa, ili kukamata na kuzuia kufanyike mahali pamoja.

Tanzania nayo ina mfano wa fikra hiyo. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lake huunganisha mchanga na viambato vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Msingi wake ni ule ule: kwanza pima maji, kisha tengeneza chujio.

Tahadhari hazina budi kutolewa. Kutupia misumari ya dukani ndani ya chungu hakumpi mtu chujio la arseniki. Misumari mingi imepakwa zinki na haishiki kutu ipasavyo, na maji yakipita upesi hayakai na chuma muda wa kutosha. Fosfeti na silika zilizomo katika maji hugombea nafasi ile ile juu ya kutu. Asenaiti hukamatwa kwa uzito mdogo kuliko aseneti, isipogeuzwa kwanza kwa hewa au klorini. Na kutu, kama gunia, hujaa. Siku ikijaa, sumu huanza kupita bila maji kubadili rangi wala mwendo. Kwa hiyo chujio lolote la arseniki lisilopimwa maji yake ya kutoka mara kwa mara halifai kuaminiwa.

Udongo wenyewe upimwe

Jambo moja husahauliwa hata na watengenezaji. Udongo wa mfinyanzi nao hutoka ardhini, na baadhi ya udongo una arseniki yake. Uchunguzi wa vyungu vipya huko Amerika ya Kati umeonyesha kwamba maji ya mwanzo kupita katika chungu yanaweza kutoka na arseniki nyingi kuliko yalivyoingia, kisha kiasi hupungua kadiri chungu kinavyosuuzwa. Kwa sababu hiyo kiwanda au kikundi cha ufinyanzi hupaswa kupima udongo kabla ya kuutumia na kila kinapobadili machimbo. Mnunuzi naye hukiloweka chungu kipya na kuyamwaga maji ya kujazwa kwa mara kadhaa za mwanzo kabla ya kuanza kunywa.

Kisima kikizidi kikomo

Chukulia kwamba kisima cha pampu ya mkono katika kitongoji kimepimwa na kukutwa na mikrogramu 60 kwa lita. Hofu huweza kuwarudisha watu mtoni siku hiyo hiyo wakiwa na ndoo zao, na wiki mbili baadaye zahanati ikajaa wagonjwa wa kuhara. Arseniki hudhuru kwa miaka, ilhali kipindupindu huua kwa saa. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani, Morogoro ikiwemo, ni ushahidi wa kutosha. Mhudumu wa afya mwenye busara hamwondoi mtu katika hatari ya polepole kwa kumtupa katika hatari ya haraka.

Hapa ndipo chungu kitupu, kisichoondoa arseniki, kinapokuwa na thamani yake kubwa. Maji ya mvua kwa kawaida hayana arseniki ya kutia hofu, na ya mto mara nyingi huwa nayo kidogo, isipokuwa penye machimbo ya madini juu yake. Tatizo la maji hayo ni tope na vijidudu, mambo ambayo chungu kinayaweza. Basi kaya huvuna mvua ya paa la bati, au huchota mtoni, huacha maji yatuame, huyapitisha katika chungu na kuyawekea klorini. Maji hayo ndiyo ya kunywa na kupikia. Ugali, wali, maharage na uji vihesabiwe pamoja na maji ya kunywa, kwa kuwa sumu iliyomo katika maji ya kupikia huingia katika chakula. Kisima hakifungwi, bali huwekwa alama na maji yake hutumika kufua, kuoga na kusafishia nyumba, kwani arseniki kwa kiasi hicho haipenyi ngozi kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Njia nyingine ni kuchota kisima cha jirani kilichopimwa na kukutwa salama. Visima viwili vilivyoachana kwa hatua mia moja vinaweza kutofautiana sana, hasa vikiwa na vina tofauti. Suluhisho la kudumu ni chanzo kipya kilichopimwa kabla ya kukabidhiwa kwa wananchi, na hilo ni jukumu la Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, pamoja na chombo cha watumia maji cha kijiji. Chujio la chuma la nyumbani hutumika pale ambapo hakuna chanzo mbadala, tena chini ya usimamizi wa wataalamu.

Namna ya kupima

Ombi la kipimo hupitia kwa afisa afya wa kata, chombo cha watumia maji au RUWASA wilayani. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, ikiwemo iliyopo Morogoro, ndizo za kuelekea. Pampu huachwa itoe maji kwa dakika kadhaa ili yatoke maji ya ardhini badala ya yaliyolala bombani. Chupa safi ya plastiki husuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo, hujazwa, hufungwa, na huandikwa jina la kisima, tarehe na saa. Maabara ndiyo hutoa maelekezo ya kutia asidi ya kuhifadhi sampuli. Vifaa vya kupimia uwanjani, ambavyo karatasi yake hubadilika kutoka nyeupe kuelekea njano na kahawia, hufaa kwa kuchuja visima vingi kwa haraka, lakini jibu la kutilia shaka huthibitishwa maabara.

Panapotumika chujio, sampuli huwa mbili: moja ya maji ghafi na nyingine ya maji yaliyochujwa, zilizochukuliwa siku moja. Bila zote mbili haiwezekani kujua kama chujio limefanya kazi. Kipimo hurudiwa mwishoni mwa kiangazi na baada ya masika, kwa kuwa kiwango huweza kubadilika.

Matunzo na taka

Chungu husuguliwa kwa ndani kwa brashi laini pindi mwendo wa maji unapopungua, bila sabuni, na ndoo ya chini husafishwa kwa maji yaliyochujwa. Chungu chenye ufa, hata mwembamba, hukataliwa. Chuma au mchanga uliokamata arseniki hautupwi bustanini, shimoni karibu na kisima wala mtoni. Hukusanywa na kupelekwa kwa maelekezo ya afisa afya, ili sumu iliyotolewa katika maji isirudishwe humo.

Muhtasari

Chujio la chungu ni kinga nzuri ya magonjwa ya kuhara, lakini weupe wa maji si hati ya usalama wa kemikali. Chungu kitupu hakiondoi arseniki, kuchemsha hakuiondoi, klorini haiiondoi. Oksidi ya chuma huikamata, na chungu kinaweza kuizuia ikisha kukamatwa, mradi maji yapimwe mara kwa mara. Kisima kikizidi kikomo, hatua ya kwanza kwa kaya nyingi ni kubadili chanzo cha maji ya kunywa na kupikia, na kuyasafisha maji ya chanzo hicho kipya kwa chungu na klorini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kupunguza ukubwa wa vitundu vya chungu hakutoshi kuondoa arseniki?
2. Mgonjwa ana madoa ya kifuani na viganja vigumu. Taja maswali manne kuhusu maji ambayo mhudumu wa afya atamwuliza.
3. Kisima kina mikrogramu 40 kwa lita, na mtu mzima hunywa lita 3 kwa siku. Huingiza mwilini mikrogramu ngapi, na ni mara ngapi ya kiasi ambacho angekipata katika maji yaliyo kwenye kikomo?
4. Mwanakijiji anasema atarudi kunywa maji ya Mkondoa bila kuyasafisha kwa sababu kisima kimekutwa na arseniki. Atashauriwa nini?
5. Kikundi cha wafinyanzi kinataka kutengeneza machujio kwa udongo wa machimbo mapya. Nini kitangulie kabla ya kuuza chungu cha kwanza?